Fundi Ameishinda Ulaya

Kuanzia 2011, kila gari dogo jipya la dizeli lililouzwa Ulaya lilibanwa na kiwango cha Euro 5: masizi yasizidi miligramu 5 kwa kilomita. Wahandisi wakakesha, wakalifungia kichujio cha kunasa masizi na kuyachoma humohumo kwenye ekzosi. Mengine yakatumika Uingereza, yakapanda meli, yakashuka Mombasa kabla ya kupitisha miaka 8, kwani hapo sheria yetu haina mzaha.

Kisha moja likafika Kondele, Kisumu, kubeba abiria. Gari halivuti, taa ya njano imewaka kwenye dashibodi. Fundi wetu wa jua kali akakifungua kichujio, akakitoa matumbo, akachomelea ganda tupu mahali pake. Mchana mmoja tu, na soda juu! Taa nayo ikazimwa kwa kompyuta. Sasa gari linapanda mlima wa Kiboswa kwa madaha, na wanaolifuata nyuma wanafunga vioo.

Tusimwonee fundi, lakini. Kichujio hujisafisha ekzosi ikifika nyuzi joto 600 hivi, na joto hilo halipatikani kwa kusimama kila hatua kuokota abiria. Dizeli nayo? Mwaka 2015 Afrika Mashariki ilishusha salfa hadi sehemu 50 kwa milioni, jambo la kupongezwa, ila injini ya Euro 5 ilizoeshwa 10.

Waheshimiwa wakaguzi wa magari, kabla ya kubandika stika, inameni kidogo mchungulie ndani ya ganda.