Sifa za Faili la Mahakama

Waimbao warembo na waimbe. Mimi nalisifu faili la Mahakama Kuu, lile linalofunguliwa siku watoto wanapogundua kuwa mzee hajui tena pensheni yake huingia benki gani.

Hati ya uwakili ya kawaida haina subira. Huandikwa asubuhi, hupigwa muhuri mchana, lakini akili ya aliyeitoa ikimtoka, nayo hukata roho hapo hapo, siku ile ile inapohitajika. Faili halina tabia hiyo. Faili hungoja. Leo kesi inatajwa tu, mwezi ujao jaji yuko likizo, nalo limetulia kabatini.

Na nani mwingine angeupatanisha ukoo? Kaka aliyeko Muscat, kimya tangu Idi ya mwaka juzi, sasa anapiga simu kila jioni kuuliza nani atakuwa msimamizi wa mali ya mzee. Dada naye ameanza kukipenda kiwanja cha Likoni. Wote wanaombwa saini za ridhaa, na kila mmoja anailalia yake kama kuku mwenye mayai.

Tuisifu na benki. Miaka yote haikumjua mzee kwa sura. Leo saini yake imepinda kidogo, inamlinda kuliko wanawe. Daktari wa akili anamwuliza rais ni nani. Mzee anajibu, "Moi," kisha anamwuliza daktari kama ameshakunywa chai. Hayo yote yanaingia kwenye ripoti, na bila ripoti jaji hasogei.

Wanaoilaumu Sheria ya Afya ya Akili ya Kenya, ya 1989, kwa usumbufu wake hawajauonja utamu wenyewe. Amri ikishatoka, msimamizi hawezi kuuza ardhi ya mzee wala kuiweka rehani bila idhini maalumu ya mahakama. Aliyekuwa na mnunuzi tayari anaambiwa alete ombi jingine. Halafu kuna kuorodhesha mali yote na kutoa hesabu.

Ikifika hapo kwenye hesabu, simu za Muscat hupungua, na mapenzi ya Likoni hupoa. Wagombea hujitoa mmoja mmoja hadi anabaki yule binti aliyekuwa akimwogesha mzee na kumnywesha uji tangu mwanzo, bila kiapo wala muhuri. Sasa na yeye itambidi atunze risiti za nepi.