Barua ya Wazi kwa Kitengo cha Huduma kwa Wateja: Nilipeni Mshahara Wangu

Kibanda cha Wakala,
Kando ya Barabara ya Thika–Garissa,
Kithimani, Yatta.

Kwa Mkuu wa Kitengo cha Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya Simu za Mkopo (jina unalijua, na wateja wako wanalijua zaidi),
Nairobi.

KUH: MALIMBIKIZO YA MSHAHARA

Mheshimiwa,

Nakuandikia nikiwa mfanyakazi wako. Hunifahamu, na sikulaumu. Mimi mwenyewe sikujua nimeajiriwa hadi hivi majuzi, nilipoitazama foleni ya kibandani nikaona kwamba wengi hawakuja kutoa pesa wala kuweka. Walikuja kwako. Wamekutafuta wakakukosa, wakaishia kwangu, kwa sababu hapa kuna benchi, kuna kivuli, na kuna mtu mwenye masikio.

Mimi ni wakala wa M-Pesa. Tangu huduma hiyo ianze mwaka 2007, kibanda kimekuwa ofisi ya kila shida yenye skrini: mzee anayetaka asomewe ujumbe, kijana aliyesahau namba yake ya siri, mama anayeambiwa na mtu asiyemjua kwamba ameshinda gari. Hayo nayafanya kwa ujirani, na komisheni ya kutoa na kuweka hunifuta jasho. Wewe hunifuti chochote.

Chukua kisa cha mwaitu mmoja, yaani mama kwa Kikamba, anayelima mishiri kando ya mfereji. Alichukua simu kwenu: malipo ya kwanza, kisha kidogo kidogo kila siku. Huyu ni mtu anayelipa deni kabla ya kubandika chai. Siku hiyo alilipa, ujumbe wa kuthibitisha ukaingia, na simu ikajifunga papo hapo. Skrini ikawa nyekundu, ikamtangazia yeye na kila aliyekuwa karibu kwamba kifaa hiki ni mali ya kampuni, alipe ili aendelee kukitumia. Chini kabisa, kwa herufi za kuchungulia, kulikuwa na namba moja tu ambayo simu iliyofungwa inaruhusu kupigwa. Yenu. Kuipiga kunahitaji salio, na salio hilo hawezi kulinunua kwa simu hiyo, maana imefungwa. Aliyebuni mpango huu apandishwe cheo, kama hajapandishwa tayari.

Basi tukapiga kwa simu yangu, kwa salio langu. Sauti tamu ikatuambia simu yetu ni muhimu sana kwenu. Ikatuchezea muziki. Ikarudi kutukumbusha umuhimu wetu, ikatuchezea tena, na salio likaisha tukiwa watu muhimu kupita kiasi. Tukahamia kwa roboti wenu wa WhatsApp, yule mwenye jina la kike na picha ya binti anayecheka. Nikamwandikia kwamba mteja amelipa na simu imefungwa. Akasema amefurahi kusikia hivyo. Akaniomba nichague: kununua simu mpya, kulipa deni, au kumleta rafiki nipate zawadi. Nikaandika kwa Kiswahili, nikaandika kwa Kiingereza, na mwaitu akaniamuru niandike kwa Kikamba. Kikamba ndicho kilichopata jibu la heshima: malalamiko yamepokelewa, yatashughulikiwa ndani ya saa 72 za kazi.

Mwaitu aliuliza hizo ni siku ngapi. Nikadhani ni tatu, kisha nikaliona lile neno "kazi". Siku ya kazi ina saa nane. Gawanya mwenyewe, Mheshimiwa: ni siku tisa, na wikendi haimo. Malipo yake yalifika kwenu kabla hajafunga kibeti.

Sasa huenda huko orofani hamjui mishiri, yaani maharagwe machanga ya kijani. Huchumwa ikiwa myembamba. Ukiiacha shambani inanenepa, na iliyonenepa haipandi ndege kwenda Ulaya. Inaenda kwa ng'ombe. Dalali wa mishiri hapigi hodi, anapiga simu: lori linapita kesho alfajiri, chuma. Alipiga, simu ikiwa nyekundu. Lori likapita na mishiri ya majirani. Ng'ombe wa mwaitu, niseme ukweli, hawana lalamiko lolote kuhusu huduma zenu.

Na mfereji wenyewe ninaousema ulichimbwa kwa mikono na wafungwa wa Mau Mau miaka ya 1950, kilomita kama 60 za ardhi kavu, wakiwa chini ya bunduki. Maji ya mto Thika yakafika Yatta. Jibu lenu linatoka Nairobi, kwa lami, na bado liko njiani.

Swali la mwaitu lilikuwa moja, na amelirudia hadi nimelikariri: ni nani aliyekata shauri nifungiwe? Nikamjibu, ni sistemu. Akasema basi aitwe huyo Sistemu. Mimi nilicheka, lakini sheria haikucheka. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 kinampa mtu haki ya kutofanyiwa na mashine peke yake uamuzi unaomwathiri sana. Wakili wako atasema mkataba unaruhusu. Mwambie asome mistari inayofuata: hata pale mkataba unaporuhusu, mtu anapaswa kuarifiwa, na anaweza kudai uamuzi uangaliwe upya, usiachiwe mashine tu. Katiba nayo, ibara ya 46, inamtaja mlaji na haki yake ya huduma bora na ya fidia akipata hasara. Mwaitu hajaisoma Katiba. Ameishi tu kama mtu anayestahili kujibiwa.

Na usijaribu kumsingizia yule binti wa WhatsApp. Huko Canada, shirika la ndege la Air Canada lilishajaribu. Roboti wa tovuti yao alimpa abiria aliyefiwa habari potofu kuhusu nauli, na shirika likajitetea kwamba roboti anawajibika kwa maneno yake mwenyewe. Februari 2024 baraza la madai la British Columbia likakataa utetezi huo, likaamuru abiria alipwe dola 812 hivi za Canada. Ukitaka kuurudia hapa kwetu, Kithimani tuna mahakama. Natamani sana kumwona binti yule akila kiapo.

Nirudi kwenye mshahara. Nakudai salio la simu, chaji ya betri, na kodi ya benchi linalokaliwa na wateja wako. Nakudai posho ya mazingira magumu, kwa kuwa ni mimi ninayetukanwa kwa niaba yako, tena na watu ninaosali nao. Sidai pensheni. Ukiniona ghali, kuna njia ya kunifuta kazi ambayo nitaipokea kwa shangwe: weka binadamu mmoja Yatta, mwenye kiti, meza, na uwezo wa kufungua simu iliyolipiwa. Mauzo mmeyawekea watu tele. Kijana wenu huja hapa na mwavuli wa rangi za kampuni, hutandaza simu, huandikisha mkopo kabla soda haijaisha povu, na jioni huacha mwavuli kibandani kwangu nimlindie. Bure, bila shaka. Ukimuuliza habari ya simu iliyofungwa, anasema hiyo si idara yake.

Hadi malimbikizo yangu yalipwe, mwavuli huo nimeufunga kwa kufuli. Sina ubaya naye, kufuli limeamua. Kijana akiuhitaji, nimebandika namba ya kupiga mlangoni, na nimemfundisha mpwa wangu wa miaka sita kupokea na kusema kwamba simu yake ni muhimu sana kwetu.

Wako mtiifu,
Kaimu Kitengo cha Huduma kwa Wateja, Tawi la Kithimani.

Nakala: Mwaitu wa mishiri (nitamsomea, simu yake bado nyekundu).