Jinsi ya Kukopesheka Bila Hati wala Aibu

Una wazo la biashara. Hongera, sasa tafuta nyumba. Benki italipenda sana wazo lako la kukaanga chipsi pale Buguruni, itakupa na kalenda, kisha itauliza hati. Ukieleza kwamba nyumba unayoishi ni ya marehemu babu, aliyeacha watoto kumi na mmoja na wosia wa mdomo, afisa mikopo atakuomba kwa upole urudi mirathi ikiisha. Usimchukie. Mpaka mirathi hiyo iishe, wewe nawe utakuwa na mirathi yako.

Mwongozo huu ni wa sisi tuliobaki: wasio na hati, wasio na shemeji serikalini, na ambao majina yao yalishachafuka kwenye kumbukumbu za wakopaji kwa deni la simu la shilingi elfu saba.

Mlango ulio wazi kuliko yote ni wa wakopeshaji wa kausha damu. Jina lisikutishe, maana mlangoni kwao kumeandikwa maneno ya faraja. Hati hawaitaki. Wanataka picha mbili za pasipoti, barua ya serikali ya mtaa, mdhamini asiyesoma anachosaini, na orodha ya vitu vya ndani: televisheni, friji, sofa, mtungi wa gesi. Godoro usiliandike. Wataliona wenyewe siku wakija.

Hesabu yao ni nyepesi. Tuseme umeomba laki moja. Inakatwa elfu kumi ya fomu na bima (bima ya nini, usiulize), unapewa elfu tisini, halafu unarejesha elfu tano kila siku kwa siku 26. Siku ya 18 umekwisha kurudisha kila shilingi uliyoshika mkononi. Siku nane zinazobaki, elfu arobaini nzima, unalipia heshima ya kukopeshwa. Ukomo uliowekwa na Benki Kuu kwa wakopeshaji wadogo ni riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi, yaani elfu tatu na mia tano kwa laki. Kuitaja namba hiyo ofisini kwao ni sawa na kusoma sheria za usalama barabarani ndani ya daladala ya Mbagala saa kumi na mbili jioni.

Halafu rejesho la kwanza ni kesho. Viazi bado viko kwenye gunia, jiko halijashika, na kijana wa marejesho ameshapaki pikipiki mbele ya genge. Kwa hiyo la kwanza unalilipa kwa mtaji wenyewe, la pili vilevile, na kufika Ijumaa unagundua kwamba chipsi ni kazi ya ziada. Kazi yako ni kurejesha. Wazoefu hapo huenda ofisi ya pili wakakope cha kumlipa wa kwanza. Wapo kina mama wenye kadi nne za marejesho kwenye pochi moja, na wanazipanga kwa ustadi ambao, ungekuwa na mshahara, tungeuita uhasibu.

Kama huna hata friji la kuandikisha, kuna mikopo ya kwenye simu. Unapakua programu, unairuhusu isome majina yote uliyohifadhi, na pesa inaingia kabla chai haijapoa. Ukichelewa siku mbili, mama mkwe atapokea ujumbe kwamba wewe ni tapeli, naye atajibu kwamba yeye alishasema tangu siku ya posa. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni. Ukiikosa programu yako humo usifanye sherehe. Huenda imebadili jina.

Hawa wote wanajua kwamba dhamana unayo. Ni mama mkwe, ni mchungaji, ni majirani watakaosimama mlangoni kutazama sofa likitoka. Wameona tu kwamba hati ina mlolongo mrefu, aibu haina.

Serikali nayo haijakusahau. Halmashauri hutenga asilimia kumi ya mapato yake ya ndani: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo haina riba, na hapa sitanii. Ilisimamishwa 2023, ikarejea 2024. Unachohitaji ni kikundi chenye katiba, akaunti, andiko la mradi na mwenyekiti anayejua kuongea na afisa maendeleo ya jamii. Mradi uwe wa kuku. Siku ya ukaguzi kuku huazimwa kwa jirani, ila wahesabuni mapema, kwani jirani ana kikundi chake na ukaguzi wake. Wenzako wachague kwa makini kuliko mchumba, maana mmoja akihamia Mbeya ghafla, sehemu yake mtailipa nyinyi.

Upatu una kanuni moja tu: pokea wa kwanza. Ukipokea wa mwisho umewakopesha wenzako bure, na kijumbe akitoroka katikati, umewazawadia.

Tuje kwenye mali kauli, yaani kuchukua mzigo leo na kulipa baadaye, ambayo ndiyo inayoendesha nusu ya Kariakoo, na huku soko la Sterio kwenye viazi mambo ni yaleyale. Mzee wa magunia hakuulizi hati. Kwanza nunua kwake taslimu, wiki hadi wiki, hata kama wa jirani kapunguza elfu moja. Lalamika kidogo kuhusu viazi vyake. Asiyelalamika bei wala ubora huwa hana nia ya kulipa, na mzee anajua. Siku ukiomba kauli, omba nusu gunia. Gunia la kauli lina bei yake, juu kidogo ya lile la taslimu, lakini usithubutu kuitamka riba mbele ya mtu mwenye sijda usoni. Lipa jana ya siku mliyoahidiana. Mvua ikikuharibia mauzo, nenda ukamwambie kabla hajapiga. Kuzima simu, pale sokoni, ndiko kufilisika rasmi. Habari itafika kwa wauza mafuta kabla yako.

Ukienda hivyo miezi kadhaa utapewa magunia matatu kwa neno lako tu. Jioni hiyohiyo dereva wa bodaboda ataegesha gengeni na kusema, "Braza, nifungie chipsi mayai, niandike, hesabu ya bosi haijatimia." Utahitaji kibao cha kukataa mikopo. Kibandike ndani, nyuma ya ndoo ya kachumbari, ili mzee wa Sterio akipita asikione.