Abti Anajibu: Steringi Mpya Mjini

Wiki hii mfuko wa barua umejaa risasi. Mji wetu wa Griftu, hapa Wajir Magharibi, umezoea kugawanyika kwa sababu zinazoeleweka: kisima, malisho, uchaguzi. Sasa umegawanyika kwa ajili ya jasusi mmoja wa Kiingereza ambaye kila baada ya miaka kadhaa hubadilishwa uso na bado huitwa jina lile lile. Tangu mwenye banda la video aletewe flashi yenye filamu zote za James Bond, chai ya maziwa ya ngamia hainyweki bila ubishi. Nimechagua barua sita; Abti kwetu ni mjomba, na mjomba huitana hivyo na wapwa wake. Waliotukana nimewasamehe.

*Abti, nina banda la video. Ijumaa usiku niliweka* On Her Majesty's Secret Service, *na ubaoni nikaandika "James Bond". Wateja wangu wamemzoea Sean Connery. Steringi alipoonyesha uso, mzee mmoja akasimama akauliza, "Huyu naye nani?" Dakika kumi hazijaisha, wote wanadai shilingi 20 zao. Nirudishe?*
*Mwenye Jenereta, Griftu*

Abti, usirudishe hata senti. Uliandika jina la jasusi, hukuandika jina la mwigizaji. Kwa kadhi utashinda. Kwa wateja umeshashindwa.

Wazee wako wana haki ya kushtuka. Connery alikuwa Bond tangu *Dr. No* ya 1962, filamu tano mfululizo, na ukimzoea mtu hivyo unaona jina na uso vilizaliwa pacha. Alipojiondoa, mwaka 1969 akaja George Lazenby, kijana wa Australia aliyewahi kuuza magari kabla ya kuanza kupigwa picha za matangazo. Waingereza walimjua kwa tangazo la chokoleti. Kabla ya kwenda kujionyesha kwa wakubwa alinyolewa na kinyozi wa Connery, akavaa suti ya fundi wa Connery. Kwenye jaribio la kupigana akamtwanga mwenzake ngumi ya kweli puani, wakubwa wakafurahi. Huku kwetu ukimpiga mtu pua kwenye usaili, wazee wanakaa chini ya mti kukupangia fidia. Kule wakampa kazi.

Filamu yenyewe inajua mnashangaa. Mwanzoni tu, Lazenby anamwokoa msichana ufukweni, anapigana hadi jasho linamtoka, kisha msichana anapanda gari na kumwacha amesimama. Naye anatwambia kwamba yule mwenzake hakuwahi kutendewa hivi. Wateja wako hawakusikia; walikuwa wanahesabu shilingi 20.

Kosa lako ni la mwenyeji. Mgeni aliyetangazwa huchinjiwa mbuzi; asiyetangazwa huulizwa kitambulisho. Ijumaa ijayo simama mbele ya televisheni useme: leo steringi ni mwingine, ana hii moja tu, mtazameni hadi mwisho. Na petroli iwe ya kutosha, kwa sababu filamu ni dakika 142. Watu wa jua letu watazame theluji ya mlima Schilthorn kule Uswisi, watazame Bond akioa kweli, na jenereta isizimike baada ya harusi. Bibi arusi anapigwa risasi siku hiyo hiyo, na steringi anabaki garini amempakata, hana mzaha wa kutoa. Lazenby maneno mengine huyasema kama mtu anayesoma risiti, sikatai. Lakini hapo ugeni wake unamfaa: hana ujeuri wa Connery wa kujifunika. Mwongozaji Christopher Nolan amesema hii ndiyo filamu ya Bond aipendayo kuliko zote. Mwambie yule mzee kwamba hata wenye kazi yao wamekaa hadi mwisho.

*Abti, nimepewa usukani wa gari la abiria la Griftu hadi Wajir. Dereva aliyenitangulia alikuwa bingwa. Nikikwama kwenye tope msimu wa mvua, abiria wanaambiana, "Yule angepita." Nimeanza kuvaa kofia kama yake na kukohoa kama yeye. Bado wananisema.*
*Dereva wa Pili*

Abti, vua hiyo kofia. Kikohozi nacho kikapimwe hospitalini.

Unajua ngamia jike anayeongoza kundi huvishwa kengele ya mti, koor. Akifa, kengele huvishwa mwingine. Siku za kwanza kundi linazubaa, linatazama nyuma, mwingine anapiga kelele. Mchungaji mwenye akili hampaki yule mpya rangi ya marehemu. Anamwacha atembee mwendo wake, na baada ya safari mbili tatu za kisimani kundi linafuata mlio.

Lazenby alikosea mara mbili. Aliingia amevaa nguo za mwenzake, kisha akatoka kabla kundi halijauzoea mlio. Walimwekea mezani mkataba wa filamu saba, mshauri wake akamwambia zama za Bond zimekwisha, naye akakataa. Kwenye onyesho la kwanza alifika na nywele ndefu na ndevu, kama mtu aliyekuja kuaga. Mwaka 1971 wakamrudisha Connery kwa fedha za kutisha kwa wakati ule. Usiache mbachao kwa msala upitao, na hasa usiuache kwa ushauri wa mtu asiyekaa juu yake.

Sasa mtazame Roger Moore katika *Live and Let Die* ya 1973. Wenye filamu walihakikisha haagizi kile kinywaji cha Connery hata mara moja. Sigara ikawa biri. Penye ngumi ya Connery yeye aliinua unyusi. Wengi walinuna, lakini alikaa kwenye usukani kwa filamu saba, hadi 1985. Tope litakuzoea. Ila wewe uwe na koleo lako mwenyewe kwenye buti.

*Abti, mume wangu ametazama* Casino Royale *mara nne. Sasa anaingia nyumbani kwa dirisha. Nikimuuliza ametoka wapi anasema ni siri ya serikali. Jana dukani alijitambulisha kwa jina la baba, akanyamaza, kisha akataja lake na la baba tena. Nifanye nini?*
*Mke wa 007, Arbajahan*

Abti, kwanza habari njema: huyo si jasusi. Jasusi wa kweli angekwambia ametoka kununua sukari.

Pili, ameitazama mara nne bila kuiona. Daniel Craig alipotangazwa kuwa Bond Oktoba 2005 alikataliwa kabla hajafyatua hata risasi moja. Kosa lake lilikuwa nywele: za rangi ya mchanga, na watu walishakata shauri kwamba Bond ana nywele nyeusi. Wengine waliapa kususia. Filamu ikatoka Novemba 2006 na viapo vikamezwa. Kilichowageuza ni kwamba Bond huyu ni mwanagenzi, na filamu haifichi. Anamfukuza mtu anayeruka kuta kama paka, yeye anazitoboa kwa mabega. Anapoteza fedha za serikali mezani, anawekewa sumu, anapigwa akiwa amefungwa kwenye kiti, na mwanamke aliyempenda anamsaliti. Mumeo kachukua dirisha tu.

Na huo utambulisho! Bond akitaja majina mawili, moja akilirudia, maadui wanatetemeka. Ajaribu hapa. Ajuza wa kwanza atamuuliza: Bond yupi? Mwana wa nani? Na huyo wa nani? Mtoto wetu anajua abtirsi, anawataja mababu mmoja mmoja hadi wewe msikilizaji unachoka. Bond angekwama kwa babu wa pili. Jasusi mwenye jina bandia hapa hapiti kisima cha kwanza.

Hapo nimecheka, sasa nisikilize. Jasusi wa filamu anabadili majina na pasipoti kama shati. Sisi, mwaka 1989, Wasomali wa Kenya tuliitwa kupigwa msasa, tukapewa kadi ya pili ya kuthibitisha kwamba ile ya kwanza si ya uongo. Vijana wetu wakaendelea kupigwa msasa wa ziada kila walipoomba kitambulisho, hadi Februari 2025, Rais William Ruto alipotia sahihi hapa hapa Wajir kuuondoa. Mwambie mumeo: mtu ambaye wazazi wake walipanga foleni kuthibitisha kwamba wao ni wao, asione raha kujifanya mwingine. Kisha funga dirisha. Mlango anaujua.

*Abti, nimefanya biashara Mbale, Uganda. Kwenye hiyo hiyo* Casino Royale *wanaandika "Mbale" halafu wanaonyesha msitu nisioujua. Mimi nimepotea au wao? Na je, hakuna jasusi wa filamu anayefanana nasi?*
*Mchuuzi, Wajir Mjini*

Abti, macho yako ni mazima. Kambi ile ya waasi ilipigwa picha Black Park, msitu wa matembezi huko Buckinghamshire, Uingereza. Kiongozi wa waasi, Obanno, ni Isaach de Bankolé, mzaliwa wa Côte d'Ivoire. Na Madagaska ya filamu ile ni Bahamas. Mbale ya kweli iko palepale ulipoiacha, chini ya Mlima Elgon.

Swali lako la pili lina jibu zuri zaidi. Itafute *Eye in the Sky* ya 2015. Hiyo nayo imetudanganya mahali, maana Eastleigh yake ni Afrika Kusini, lakini mtazame Barkhad Abdi. Alizaliwa Mogadishu, akapitia Yemen, akakulia Minneapolis. Filamu yake ya kwanza kabisa, *Captain Phillips* ya 2013, ilimpa tuzo ya BAFTA na kumfikisha kwenye orodha ya Oscar. Huyo ndiye mgeni aliyeingia bila suti ya mtu. Katika *Eye in the Sky* ni jasusi wa Kenya anayejifanya muuza ndoo, huku akirusha kidude mfano wa mbawakawa ndani ya nyumba ya magaidi. Kombora linangoja juu, na msichana anauza mikate kando ya ukuta. Jasusi wetu hana gari la fahari wala saa yenye miujiza. Anachofanya ni kujaribu kuinunua mikate yote ili mtoto aende nyumbani. Mpelekee Mwenye Jenereta jina la filamu hiyo, na umwambie aliandike ubaoni lote.

*Abti, tulilelewa tukijua steringi hafi. Katika* No Time to Die *amekufa. Sijalala siku mbili.*
*Kidato cha Pili*

Abti, lala. Mwaka 2021 Craig alikuwa anaaga, na waliamua kumuaga hivyo. Ungesikiliza wimbo wa mwisho ungemsikia Louis Armstrong, na wimbo huo ulitoka kwenye filamu ya Lazenby, yule waliyemdai shilingi 20. Miaka 52 baadaye walipotaka watu walie, walirudi kuazima kwa steringi wa filamu moja. Halafu hukungoja maandishi yaishe: mwishoni kabisa yanasema James Bond atarudi. Ngamia kafa. Kengele imetundikwa mtini, inangoja shingo.

*Abti, wewe si Abti. Yule wa zamani alijibu kwa ufupi, tena alijua ngamia kuliko filamu. Yuko wapi?*
*Msomaji wa Siku Nyingi*

Amestaafu, Abti. Yuko kwa ngamia wake, na nasikia safu hii husomewa kila wiki akitikisa kichwa. Aliniachia meza, mfuko wa barua na miwani yake. Miwani niliivaa siku ya kwanza, nikashindwa kusoma hata barua moja.