Mama Karo

Mama mkwe hakumtaka tangu siku ya kwanza. Mume wangu alipokuwa akimshusha kwenye pikapu, jike jeupe la nguruwe aina ya Large White, mama alimwambia mwanawe, "Baba, huyu atakula shamba lote kabla hajakulipa shilingi."

Huku Mathira nguruwe hategemewi peke yake. Kuna kahawa, kuna ng'ombe wa maziwa, kuna kabichi za kupeleka sokoni Karatina. Nguruwe hukaa nyuma ya nyumba, hula yanayobaki na hungojewa Januari, wakati wa karo ya shule, ndiyo sababu jike letu tulimwita Mama Karo. Jike hubeba mimba siku 114, na watoto wake wakilishwa vizuri hufika kilo 90 kwa miezi 6 hivi. Ng'ombe kwa miezi 9 anakupa ndama mmoja.

Mama Karo alizaa Julai, wakati Nyeri ina ukungu mchana kutwa. Vitoto vya nguruwe huzaliwa na mafuta kidogo sana mwilini, vinahitaji joto la nyuzi 30 na zaidi. Visipolipata, vinajikunyata chini ya mama, naye akijilaza anaviponda. Mama mkwe, yule yule, ndiye aliyeingia bandani na jiko la makaa, akaacha mlango wazi ili moshi utoke, akajitanda shuka. Kila jike lilipoanza kukunja magoti, alivuta kitoto kwa mguu wa nyuma na kugomba, "Inuka wewe, utaua watoto!" Asubuhi vyote vilikuwa vinanyonya, naye hakuruhusu mtu mwingine amlishe Mama Karo tena.

Karo ya Januari ililipwa. Ya mwaka uliofuata ikatushinda, na hapo ndipo penye uchungu wa ufugaji huu. Chakula cha nguruwe kinatokana na mahindi tunayogombania sisi wenyewe, na soya inayotoka nje ya nchi. Gunia la kilo 70 lilipanda, likapanda tena. Bei ya nguruwe ilibaki pale pale. Mnunuzi ndiye anayepima na ndiye anayetaja bei. Huwezi kumwambia utangoja, kwa kuwa nguruwe aliyekomaa anakula faida kila kukicha, na akinenepa mno bei inashuka. Banda moja baada ya jingine kijijini likageuzwa stoo ya kuni.

Waliobaki tuligeukia makombo ya hotelini. Makombo yana hatari yake, maana kipande cha nyama ya nguruwe mgonjwa kinaweza kubeba homa ya nguruwe ya Afrika. Ugonjwa huu ulielezwa kwa mara ya kwanza hapa hapa Kenya, na daktari wa mifugo aitwaye Montgomery mwaka 1921, ulipokuwa ukimaliza nguruwe wa walowezi. Ngiri na kupe wanaishi nao bila shida. Nguruwe wa kufugwa hufa kwa siku chache, na wafugaji wa huku hatuna chanjo wala dawa.

Kijijini kwetu ugonjwa huo ulianzia ng'ambo ya mto. Kisha wetu wawili wakakataa chakula, masikio yakageuka zambarau. Jioni hiyo hiyo dalali alifika na lori, tayari kuchukua wote, wazima kwa wagonjwa. Mume wangu alinyamaza, akifikiria karo. Mama mkwe akasimama mlangoni mwa banda: "Baba, hao hawauzwi. Nyumba ya nani tena unataka ilie hivi?" Dalali akaondoka mikono mitupu. Daktari wa mifugo alipokuja hakuwa na la kufanya ila kutuonyesha kina cha shimo la kuwazikia. Mama Karo alikufa wa mwisho.

Homa hii haimwambukizi binadamu, na dalali hutumia neno hilo kukushawishi. Usimsikilize. Mwenye nguruwe bado, chemsha makombo nusu saa nzima, usikopeshe dume, na mgonjwa usimuuze kwa bei yoyote.