Mwongozo wa Nshomile: Namna ya Kuifafanua Breka Msimu wa Senene

Novemba, Muleba mkoani Kagera, saa tatu usiku. Mabati yamesimamishwa, mapipa yako chini yake, taa kali zinawaka, na senene wanayagonga mabati na kuteleza ndani. Mara giza. Wenzako wanapapasa tochi. Wewe kohoa, kisha ukae kimya. Nshomile, yaani Mhaya msomi, hakurupuki.

Kimya hicho kina faida. Laini ya kilovolti 33 ikiguswa na tawi la mkaratusi, breka hukata, na nyingine zimepangwa kujirudisha zenyewe hata baada ya theluthi moja ya sekunde. Tawi likiwa limeshadondoka, taa zinarudi, nawe unasema, "Nilijua." Zikirudi kisha zikazimika tena, unasema, "Hitilafu bado ipo." Vyovyote iwavyo, hujakosea.

Sasa washindani. Yupo atakayekimbilia mita ya LUKU. Mwache, LUKU ya mtu mmoja haizimi kijiji. Yupo atakayesema Uganda wamekata. Huyu mheshimu kidogo, maana kwa miaka mingi Kagera ilikuwa nje ya gridi ya Taifa, ikitumia umeme wa Uganda ulioingia kwa laini ya kilovolti 132 kutoka Masaka hadi Kyaka. Muulize tu kwa upole, "Waitu, mbona kwenye kilima cha pili kunawaka?"

Wa kushughulika naye ni yule anayeamini kuna kijana kwenye kituo cha umeme anachezea swichi. Huyo msogelee.

Mwambie mkono wa binadamu hauna kasi ya kufunga breka, yaani kuwasha laini. Kwenye maelfu ya volti, vyuma viwili vinavyokaribiana huanza kurushiana cheche kabla havijagusana. Vikikaribiana polepole vitaungua, pengine vigandane kabisa. Ndiyo maana kazi imepewa springi. Mota ndogo, mara nyingi inayolishwa na betri za kituo, huikaza springi kupitia gia kwa sekunde kadhaa, kisha komeo huizuia isifyatuke. Itakaa hivyo siku nyingi, hata miezi, na kidirisha cha mbele kinaonyesha kama imekazwa au imelegea. Mota ikifa, fundi anachomeka mpini na kukaza kwa mkono hadi asikie komeo limenasa. Amri ikifika, koili inavuta komeo, springi inafyatuka, na breka inafunga kabla hujamaliza kupepesa jicho.

Hapa punguza sauti, wakusogelee, maana huu ndio utamu wenyewe. Springi ile inapofunga breka, nguvu yake nyingine inakaza springi ya pili, ya kufungua, yaani kukata. Breka haiwezi kuwasha laini bila kuwa imeshajiwekea nguvu ya kuikata. Na ikishafunga tu, mota inaanza kuikaza upya springi ya kwanza. Kwa hiyo breka iliyo tayari ina akiba ya kukata, kurudisha na kukata tena, hata kama mota imekosa umeme papo hapo. Baada ya hapo ni kusubiri: utaratibu mmoja wa viwango vya kimataifa ni kukata, sekunde 0.3, kufunga na kukata, dakika 3, kufunga na kukata.

Akiuliza, "Na kijana akikishikilia kitufe cha kufunga?", furahi. Kuna kizuizi kinachohakikisha amri moja inafunga mara moja tu. Bila hicho, mng'ang'anizi angefanya breka ifunge na kukata mfululizo hadi iharibike.

Usiguse chochote, hata ukiwa na shahada. Mafundi wenyewe, kabla ya kuingiza mikono, hukata umeme wa mota, kisha hufungua, hufunga na kufungua ili springi zote mbili ziishiwe nguvu. Kufungua peke yake hakutoshi, kwani springi ya kufunga inabaki imekazwa, na hiyo haijali umesoma chuo gani.

Hatari kubwa kwa sifa yako ni jirani atakayesema, "Basi njoo uitazame breka ya kwangu, inakatakata." Breka ya nyumbani haina mota, ukiinua kile kidude, kidole chako ndicho kinachokaza springi ya kuikata. Hata ukikishikilia juu, hitilafu ikiwepo itakata ndani kwa ndani. Mweleze hayo ukiwa umesimama mlangoni, halafu mpe namba ya fundi.