Majagi Mekundu ya Houston

Shangazi, shikamoo. Na ninyi wengine mliojipanga hapo kibarazani Ngamiani kusubiri kusomewa, hamjambo. Anayesoma asiruke mistari kama alivyofanya na barua ya Ramadhani, akapita kimya pale nilipomtaja yeye na deni lake. Mimi mzima. Joto la Houston mwezi huu wa Juni ni la Tanga kabisa, la kuloa shati kabla hujafunga kifungo cha mwisho, tofauti ni kwamba bahari iko mwendo wa saa nzima kwa gari.

Mmeuliza kwenye simu kwa nini katika picha niliyowatumia kila mtu ameshika kikombe cha kitu chekundu, na Shangazi ukatangaza mtaa mzima kwamba nimeingia kwa wanywa damu. Nakuomba uwatangazie tena, mara hii habari kamili.

Kwanza mjue kwamba kwa watu wa huku sherehe haiwi sherehe mpaka ipewe rangi. Tarehe 14 Februari kila kitu chekundu kwa ajili ya mapenzi. Krismasi ni nyekundu na kijani. Oktoba 31 ndiyo ya ajabu kuliko zote: watu wazima wenye kazi na mikopo ya nyumba wanajivika uzimwi, na madukani kunauzwa mifuko ya plastiki yenye mrija, mfano wa ile ya kuongezea wagonjwa damu. Wanaijaza juisi nyekundu, au vodka yenye juisi nyekundu, wanafyonza huku wanacheza. Nawakumbuka ndugu zetu wanaoitwa hospitali usiku kutoa damu, kisha namtazama mhasibu mzima amening'iniza mfuko wake ubavuni, anafyonza, amefurahi. Sina la kusema.

Lakini ile picha ni ya sherehe nyingine, na hiyo naiheshimu. Inaitwa Juneteenth, Juni na tarehe 19 zimesukumwa zikawa neno moja. Rais Lincoln alitangaza tarehe 1 Januari 1863 kwamba watumwa wa majimbo yaliyoasi wako huru. Texas ilikuwa mbali, na wenye mashamba hawakuwa na haraka ya kufikisha salamu za namna hiyo. Zikapita miaka miwili na nusu, watu wanavuna pamba ya bwana huku kwenye karatasi ya serikali ni watu huru, hadi tarehe 19 Juni 1865, Jenerali Gordon Granger alipotoa Amri Namba 3 ya kutangaza uhuru huo pale Galveston, huko huko kwenye bahari ninayowaambia. Watumwa wa Texas walikuwa kama 250,000. Mwaka 1872 waliokombolewa hapa Houston wakachanga pesa, wakanunua ekari 10 ili wawe na mahali pao pa kusherehekea. Uwanja huo upo mpaka leo, Emancipation Park, nimezikalia nyasi zake. Jimbo likaifanya siku hiyo sikukuu kuanzia 1980, na taifa zima likazinduka 2021.

Sasa, mezani siku hiyo ni wekundu mtupu. Tikiti maji, soseji nyekundu zenye pilipili, keki nyekundu, na juu ya yote vinywaji. Ukiuliza kwa nini, wengi watakuambia ni damu ya waliokufa utumwani. Adrian Miller, aliyeandika kitabu kizima juu ya mapishi ya Wamarekani Weusi, anairudisha mbali zaidi: Afrika Magharibi kulikuwa na vinywaji viwili vyekundu, kimoja cha kola, ile kokwa ya kumkaribishia mgeni, na kingine cha ua ambalo ninyi mnalijua vizuri na nitalifikia. Michael Twitty, naye bingwa wa historia ya mapishi, anahisi mkono wa Wayoruba na Wakongo. Mwenzangu wa Bukavu aliposikia Wakongo wametajwa alisimama kudai mirathi, ingawa kutoka Bukavu kufika kwa hao Wakongo wenyewe ni kuvuka nchi nzima na kubakisha kidogo tu uingie baharini.

Mwaliko wenyewe ulikuwa mfupi: Jumamosi mchana, uani, kila mtu aje na kitu chekundu. Nilipofika nikamkuta mzee mwenye nyumba amesimama juu ya ndoo ya plastiki nyeupe, anakoroga kwa mwiko mrefu wa mbao. Alikuwa na pakiti za unga wa Kool-Aid, kitu alichokibuni Edwin Perkins mwaka 1927 kule Hastings, Nebraska. Utaratibu wa pakiti ni kikombe kimoja cha sukari kwa karibu lita mbili za maji. Mzee hakuwa na habari na pakiti. Alimimina sukari kutoka mfukoni moja kwa moja, akakoroga, akasimama kusikiliza chembe zikikwaruza chini ya ndoo, akaongeza. Kumbe alikuwa anapima kwa sikio: mpaka mkwaruzo ugome kuisha, haijakolea. Nikamuuliza ni ya tunda gani. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa mwezi ni wa nani.

"Nyekundu," akasema.

Nikadhani hakunisikia. Nikauliza tena, ni cheri, stroberi, au kitu gani? Mkewe akaingilia kunisaidia mgeni: "Mwanangu, hiyo ni nyekundu." Mjadala ukafungwa. Na ni kweli, nimeinywa. Si cheri wala si stroberi. Ni nyekundu. Kuna soda yao ya hapa hapa Texas, Big Red, iliyoanzia mji wa Waco mwaka 1937. Hiyo ukinywa unasikia chingamu iliyoyeyuka, na wenyeji wanaona ndivyo soda inavyotakiwa kuwa. Kule Mississippi, wananiambia, wanachukua achari ya matango mazima na kuilaza ndani ya Kool-Aid mpaka matango yawe mekundu hadi moyoni. Hilo nimeliacha lipite.

Wala msicheke sana. Ubuyu wetu tunaolamba toka utotoni, unga wake halisi ni mweupe wa kufifia, na sijamsikia mtu wa pwani anauliza ule wekundu umetoka kwenye tunda gani. Tunatazamana ndimi tu. Serikali ya huku ndiyo imeanza kuuliza: Januari 2025 ilipiga marufuku rangi moja nyekundu, ile namba 3, na viwanda vya chakula vikapewa mpaka Januari 2027 kuiondoa. Namba 40 bado inatamba. Afadhali hizo za maabara kwa mtu kama mimi, kwa sababu kuna kinywaji cha Kiitaliano, Campari, ambacho wekundu wake hadi 2006 ulitoka kwa wadudu wadogo wanaoishi kwenye mpungate, wanakaushwa na kusagwa. Pombe ndani yake mdudu. Shehe angeanzia wapi?

Na hapo ndipo shida yangu ilipo, Shangazi, ile uliyoniusia uwanja wa ndege, nisiguse kileo. Mahali ambapo kila kitu ni chekundu, chenye kileo na kisicho na kileo vinafanana kama pacha. Uani kulikuwa na meza ndefu, na juu yake majagi makubwa ya kioo yenye koki kwa chini, yote mekundu. Karatasi za majina zilibandikwa, ila kwa lile joto barafu ilitoa jasho, jasho likaloanisha karatasi, karatasi zikaanguka kwenye nyasi na mtoto akaziokota kutengenezea ndege. Vikombe navyo ni vile vya plastiki, vyekundu kwa nje, ambavyo ukivishika hata aliye karibu hajui unakunywa nini. Nimejiuliza kama vilibuniwa na mtu aliyekuwa na mama mkali.

Basi nimejifunza kusoma majagi, na elimu hii nawapa bure. Jagi linalozungukwa na watoto ni salama, ila hakikisha watoto wanakunywa, wasiwe wanacheza na koki tu. Jagi lenye mjomba aliyevuta kiti akakaa pembeni yake na hataki kuhama hata kivuli kikimkimbia, hilo liache. Mchungaji ni kipimo kizuri, lakini kuna madhehebu na madhehebu, usimtegemee peke yake. Na lililo kuu: ukiona vipande vya machungwa na tufaha vimekatwa vizuri vinaelea, usiguse. Sisi tumezoea kwamba jagi lenye matunda ndilo la mtu mwenye afya na watoto wake. Huku watoto hupewa unga na sukari. Matunda wamewekewa wakubwa, yamelala usiku kucha ndani ya mvinyo.

Mkenya mmoja, mlokole wa kukesha Ijumaa, alikataa soda kwa sababu ya rangi za viwandani, akakataa Kool-Aid kwa sababu ya sukari, akaenda kwenye matunda. Alikunywa kikombe, akala na lile chungwa. Akarudi. Mara ya tatu alianza kutusimulia habari za mashemeji zake kwa upendo ambao hatukuwahi kuusikia, na mjomba wa kitini akanikonyeza. Ilibidi mtu mwingine aendeshe gari lake. Mwenyewe mpaka leo anasifia ile juisi ya matunda, na hapana aliyejitolea kumwambia.

Kwa sisi tusiokunywa wana heshima moja: Shirley Temple. Soda ya tangawizi, ambayo hii ya huku ni pole, haina ule ukali wa Stoney wa kumtoa mtu machozi, inatiwa sharubati nyekundu inayozama chini na kupanda taratibu, na juu cheri. Sharubati hiyo asili yake ni komamanga, ila chupa nyingi za sasa ukisoma ubavuni utaona sukari na rangi, komamanga hata halikupita karibu na kiwanda. Jina ni la mtoto mcheza filamu aliyetikisa Marekani miaka ya 1930. Alipokua akawa balozi wa nchi yake Ghana, 1974 hadi 1976. Namwonea huruma: mheshimiwa balozi, na kila hoteli anayoingia jina lake liko kwenye orodha ya vinywaji vya watoto.

Jirani wa Kimeksiko naye alileta chake. Bia, imechanganywa na juisi ya nyanya, ndimu na pilipili, na mdomo wa glasi umepakwa chumvi na pilipili ya unga. Nikasoma chupa ya ile juisi ya nyanya: ndani yake mna supu ya kombe. Ndiyo, kombe, hao hao kina mama wanaowachimbua mchangani maji yakikupwa. Bia ya kombe. Amenieleza kuwa inatibu uchovu wa pombe ya jana, yaani ni pombe ya kutibu pombe.

Mimi nilipeleka choya, lile ua nililosema nitalifikia. Nilihangaika kuipata mpaka nikaikuta duka la Wameksiko, kwenye mapipa ya wazi karibu na pilipili kavu, wanaiita Jamaica, wakati Wajamaika wenyewe wanaiita sorrel. Nikapima ratili nzima. Nikaosha kwa haraka, maana ukichelewa wekundu wote unaondoka na maji ya kwanza. Nikachemsha na tangawizi iliyopondwa na karafuu chache, nikazima moto, nikaiacha ipoe yenyewe. Mnajua inavyokuwa: nyekundu nzito, karibu na weusi, na ukiikamulia ndimu wekundu wake unachangamka. Nililiacha hilo la ndimu nilifanyie pale mezani. Watoto walipiga kelele, mzee wa ndoo akaacha mwiko.

Ugomvi ukaanzia hapo. Mmeksiko akasema ni yao, wanainywa kila siku na chakula cha mchana. Mjamaika akasema ni yao, ya Krismasi, na kwamba sikuwa nimeipika bali nimeichungulia tu, inatakiwa ilale na tangawizi kisha itiwe ramu. Mnaijeria akasema ni zobo. Wa Bukavu akakumbusha habari ya mirathi. Nikawaambia kwetu inaota Dodoma na kuna wanaoitengeneza mvinyo, wakaniambia Dodoma hawaijui. Wataalamu wa mimea wanasema asili yake Afrika, na ilivuka bahari na wale wale waliovushwa kwa minyororo, nikadhani hilo lingetupatanisha. Mama mwenye nyumba ndiye aliyeamua. Alionja, akanyamaza, akaonja tena, kisha akasema ni tamu ila haijawa nyekundu ya kutosha, na kabla sijazuia akamimina ndani yake nusu jagi ya ile ya ndoo.

Mjamaika naye hakukaa. Alinyakua nusu ya choya hiyo akaitia ramu, akaiweka kwenye jagi jingine, pembeni ya langu. Sasa yako mawili, mapacha. Ikabidi nivute kiti nikae karibu na langu kulinda, na kila aliyepita akanitazama, akaona mwanamume amekaa kando ya jagi na hataki kuhama, akafurahi, akaja na kikombe. Ndiyo ile picha. Naomba mniamini, kilicho mkononi mwangu ni cha lile jagi lisilo na kitu.

Krismasi nimealikwa kwa Mjamaika, na maduka ya pombe kali hapa hufungwa Jumapili, kwa hiyo ramu yake ameshaanza kuinunua. Mwambieni anayekuja Desemba anibebee karafuu za Pemba na ubuyu. Ufungwe mara mbili, uwe mbali na nguo nyeupe, na akifika forodhani autaje mwenyewe kabla mbwa hajautaja. Wakimuuliza ni wa ladha gani, ajibu mara moja, asifikirie.